Tundu la Mkanda

Ilianza na gunia lililonuka udi. Mwanakombo alikuwa anafagia mahindi yaliyomwagika ghalani, akainua pua. Udi, mchana kweupe, kwenye ghala la serikali? Akaendelea kufagia.

Ghala lenyewe lilikuwa Temeke, enzi za Ujamaa, sukari foleni, sabuni foleni. Zamani magunia yaliingia kwa migongo ya watu. Mchukuzi akifika mlangoni anaita, "Mzigo!" Wa ndani anajibu, "Lete!" Asipoitikiwa hatui, hata mgongo ukatike, ndiyo ilikuwa heshima yao. Ukaja mkanda wa mashine, unapita kwenye tundu la ukuta, unaleta magunia wenyewe kutoka upande wa malori. Wachukuzi wakaagwa, wakaenda zao vijijini. Akabakizwa Kondo, mume wa Mwanakombo, awe anapokea.

Mdomo wa Kondo sasa umeshazoea. Gunia likichungulia tu, yeye, "Lete!"

"Unamwitikia nani, baba Mauwa?" Mwanakombo anamcheka. "Mkanda una masikio?"

"We fagia. Mzigo usioitikiwa una nuksi."

Siku moja umeme ukakatika, mkanda kimya. Kondo kwa utani akalisogelea tundu: "Lete basi!"

Mkanda ukasogea. Umeme hakuna, jamani, na ukasogea! Ukaleta kifuko cha sukari, kavu, nyeupe, inanuka udi.

"Fakihi huyo kanikumbuka," Kondo akasema. Fakihi ndiye aliyekuwa anapakia upande wa pili.

"Fakihi kaenda kula. Nimemwona mie."

"Mama Mauwa, mtoto hajanywa chai ya maana tangu lini?"

Hapo Mwanakombo akashindwa. Wakanywa, na Mauwa, katoto ka miaka mitatu, akalamba mpaka kikombe. Umeme ukikatika tena, Kondo, "Lete!" Ikaja sabuni. Ikaja doti ya kanga. Akanyoosha mkono aichukue, na humo tunduni ikatoka sauti kavu, kama gunia linaburutwa sakafuni.

"Na wewe, lete."

Kondo akanong'ona, "Nilete nini?"

"Aliyelamba kikombe."

Wakatoka mbio, kanga wameitupa, viatu wameacha, mpaka nyumbani, wakamkuta Mauwa amelala kwenye mkeka, na ule mkeka unatembea, polepole, hakuna anayeuvuta, unaelekea ukutani ambako hakujawahi kuwa na tundu, na ukuta wenyewe umelowa, unanuka udi, na Mwanakombo alipomnyakua mwanawe akausikia udongo chini ya nyayo zake unamsogeza na yeye.

Wakamwita Bi Hamisa, mganga. Akafukiza, akamfunga mtoto hirizi.

"Mtoto nimemzindika," akasema, sauti chini. "Lakini mlichokula hakirudi, mwanangu. Kaitisha mzigo yule, na wewe ulikuwa unaitisha kwake. Lazima apokee kitu."

"Akipelekewa mwingine badala yake?" Kondo akauliza.

Bi Hamisa akamtazama. Akaanza kufunga mkoba wake.

Asubuhi Mwanakombo akaamka, kitanda kitupu. Alipofika ghalani, akakuta kofia ya mumewe na ndara zake zimepangwa vizuri kando ya mkanda. Fakihi alikuwa amekaa chini.

"Shemeji, umeme ulikuwa hakuna. Nimemsikia Kondo upande wenu anaita, 'Mzigo!' Nikacheka, nikasema leo kageuza. Basi humo ndani ya ukuta mtu akamjibu, 'Lete.' Shemeji, huku kwangu hakutokea."

Ukuta ulivunjwa. Ulikuwa na unene wa tofali moja.

Mauwa alikua, akaolewa, akazaa. Katika nyumba ya Mwanakombo hakuna aliyesema "lete" tena. Ukitaka chumvi, sema "nipe". Wageni walimwona bibi ana mambo. Hawakujua kwamba kila umeme ukikatika, ukutani kwake kunanuka udi, halafu inakuja sauti ya Kondo, imechoka, inahema kama ya mtu aliyeinamia mzigo muda mrefu.

"Mama Mauwa... mzigo."

Anamjua mumewe. Hatui mpaka aitikiwe. Naye Mwanakombo anaishika ncha ya kanga, anaiuma kwa meno, machozi yanamtoka, mpaka taa ziwake.