Ukucha wa Kuku wa Mzee Tan

Mzee Tan alifariki majira ya baridi. Alimwachia mkewe, Shuiying, bustani ya kabichi na kuku wawili aliowalea tangu wakiwa vifaranga. Kila asubuhi Shuiying aliwamwagia chenga za mchele. Kisha alichoma udi mbele ya picha ya mumewe, akampa habari za kuku wake.

Siku moja kuku mwekundu alinasa ukucha kwenye pengo la sakafu ya mianzi bandani. Ukang'oka nusu, damu ikachuruzika. Kijijini kwetu dawa ya kidonda ni majivu ya udi, hakuna anayeuliza kwa nini. Shuiying aliyachota mbele ya picha, akayapaka.

"Mzee wako atakuponya," alimwambia kuku.

Akamrudisha bandani. Mwenzake aliona damu, akaanza kumdonoa. Siku ya nne mguu ulivimba, ukawa wa moto. Siku ya saba kuku alikufa. Shuiying alilia kama aliyefiwa upya.

Baada ya wiki mbili, yule kuku mweusi aliyebaki naye alinasa ukucha palepale. Shuiying alikuwa na majivu mkononi wakati jirani yake Guihua alipoingia. Guihua aliwahi kuwa mhudumu wa mifugo.

"Wewe! Weka chini hayo!"

"Ni ya Mzee Tan. Nani amtibu kama si yeye?"

"Mzee Tan nilimpenda, ingawa alikuwa mbishi kama wewe. Lakini majivu ni uchafu, dada. Yanaziba kidonda juu, usaha unabaki ndani."

Shuiying aliketi chini. "Basi yule mwekundu nilimuua mimi."

Guihua alimshika bega. "Hukujua. Haya, mfunge huyu kwa taulo, asipige mabawa."

Waliosha mguu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Wakakandamiza ukucha kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa. Damu ilipokataa kukoma, Guihua alibandika unga wa wanga wa mahindi, akakandamiza tena.

"Hiki kipande cha ukucha kinachoning'inia nikivute?" Shuiying aliuliza.

"Ukikivuta utamtoa damu upya. Kiache. Mtenge peke yake, kwenye majani makavu ya mpunga. Mwoshe kila siku. Ukiona uvimbe au usaha, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo."

"Sawa."

"Na zibe hilo pengo la mianzi leo! Au unamtibu ili anase tena kesho?"

Shuiying alicheka kidogo, machozi yakiwa mashavuni. Jioni hiyo aliziba pengo.

Siku ya kumi kidonda kilikuwa kimekauka. Kuku mweusi alitoka, akakanyaga kwa mguu wote, akaanza kuchakura bustanini.

Shuiying aligeukia mlango kwa furaha. "Mzee! Njoo uone!"

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Guihua alimsikia kutoka upande wa pili wa uzio. Aliacha jembe lake, akaja.

"Nionyeshe mimi," alisema.