Mtahini wa Nje

"Mvua imeanza huku. Anua nguo."

Ujumbe ulimkuta Nungu kwenye korido, nje ya chumba cha utetezi, nakala ya tasnifu yake ikiwa kwapani. Aliusoma, akaufuta.

Kwa majasusi wa Idara, maneno yale yalikuwa na maana moja. Kazi imeingia doa. Piga simu.

Jopo lilikuwa limemtoa nje, kama wanavyotolewa watahiniwa wote, ili lijadili kama anastahili shahada ya uzamili. Nyuma ya ule mlango ilikuwepo miaka miwili ya maisha yake. Alichomeka kidude cha sikioni.

"Sema, Shangazi."

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa operesheni, mwanamke asiyepandisha sauti kwa kuwa hakuwahi kuhitaji.

"Mtahini wenu wa nje yuko kwao, anamwagilia maua," alisema. "Nimetoka kuongea naye sasa hivi. Hajaalikwa popote."

Nungu aliutazama mlango.

"Basi huyu aliyenihoji saa nzima ni nani?"

"Mnunuzi."

Idara ilikuwa imempandikiza Nungu chuoni baada ya kusikia kwamba kuna mtu anayeuza siri za bwawa kuu. Bwawa lile liliwasha taa za nusu ya nchi, na miji mitatu ililala chini ya ukuta wake. Anayejua ukuta ule unachoka wapi, hahitaji jeshi kuizamisha. Nungu alikuwa mhandisi kabla ya kuwa jasusi, kwa hiyo vazi la uanafunzi lilimkaa sawasawa. Aliwachunguza wahadhiri wote. Msimamizi wake, ambaye chuo kizima kilimwita Profesa, Nungu aliiandikia Idara kwamba hana doa. Si mara moja.

Angemshuku vipi? Alipoleta pendekezo lake la kwanza, mzee alilivujisha damu kwa wino mwekundu, kisha akacheka. "Mada yako ni bahari, mama. Nipe kikombe." Alimfundisha kuuliza swali moja na kulifuata hadi mwisho. Mapitio ya maandiko yalipomshinda akalia, kilio cha kweli, si cha kazi, Profesa alimmiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akamwambia hakuna aliyewahi kufa kwa marejeo. Mkewe alimwita mwanangu.

"Tumezipanga tasnifu nne alizosimamia kabla yako," Shangazi aliendelea. "Moja ya zege, moja ya tope, moja ya milango ya maji, moja ya mifereji. Kila moja haina neno. Zikiungana ni ramani ya ukuta mzima, isipokuwa handaki la ukaguzi lililo ndani yake. Wanafunzi wote wanne walinyimwa kibali cha kuingia humo."

"Wa tano akapewa."

"Wa tano tulimwombea sisi, ili aonekane mwanafunzi wa kweli."

Nungu alidhani mada ya handaki ni wazo lake mwenyewe. Sasa alikumbuka jinsi mzee alivyompunguzia bahari, wino kwa wino, mpaka akabaki na handaki tu.

"Anajua mimi ni nani?"

"Angekuchagua kwa lipi lingine?"

Wiki ile Profesa alikuwa amemwomba data ghafi za mitetemo ya handaki, zote, kwenye flashi moja. Mtahini wa nje anapenda kujiridhisha, alisema. Nungu alimkabidhi kwa mikono miwili.

Alisukuma mlango.

Mwenyekiti wa jopo, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alimwambia arudi nje asubiri kuitwa. Viti viwili vilikuwa vitupu. Nungu aliuliza mgeni yuko wapi. Mama alijibu kwa kinyongo kwamba ana ndege ya kuwahi, ameshasaini, na Profesa anamsindikiza kwa mlango wa nyuma.

Nungu alivua viatu.

Alishuka ngazi za dharura tatu tatu. Ghorofa ya pili. Ya kwanza. Chini.

Jua lilimpiga usoni. Land Cruiser ya rangi ya fedha ilikuwa imeshageuka, pua yake kwenye geti, na mlinzi alikuwa akinyanyua kizuizi.

Bastola yake ya Walther ilitoka kiunoni.

Risasi moja. Tairi la nyuma.

Gari liliyumba, likapanda ukingo wa bustani, likabusu nguzo ya taa. Mlinzi alilala kifudifudi bila kuambiwa. Mtahini wa bandia alitoka upande wa dereva na bastola mkononi, lakini Nungu alikuwa ameshafika. Tasnifu yenye jalada gumu ina uzito wake. Aliishusha kwenye kifundo cha mkono, bastola ikaruka. Akaipandisha tasnifu kidevuni.

Mwanamume alikaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kuwa amechoka.

"Umeandika kurasa nyingi," alinong'ona.

"Viambatisho."

Flashi ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Nungu aliitia kwenye pochi, akamfunga pingu kwenye mlango wa gari.

"Nguo zimeanuliwa," alimwambia Shangazi. "Leta kapu."

Profesa hakukimbia. Alikuwa amesimama chini ya ngazi, koti mkononi, kama anayemsubiri mwanafunzi aliyechelewa.

"Ulijua lini?" Nungu aliuliza.

"Siku ya kwanza. Wanafunzi wangu wote hukaa wakitazama dirisha. Wewe ulikaa ukitazama mlango."

"Ukanivisha kilemba cha ukoka miaka miwili."

"Nilikufundisha miaka miwili. Wateja wangu walihitaji handaki, wakubwa wako walikuwa na funguo. Ningefanyaje, mama?"

"Usiniite mama."

Alimgeuza, akamfunga mikono kwa nyuma. Mikono ya mzee ilikuwa na madoa ya wino mwekundu. Kulikuwa na swali moja ambalo hakutaka kuliuliza. Aliliuliza.

"Sura ya nne. Uliposema ni kazi bora kuliko zote ulizosimamia, ulimaanisha?"

"Hapo tu ndipo sikukudanganya," Profesa alisema.

Angedanganya na hapo, maumivu yangepungua.

Magari mawili meusi yaliingia getini bila ving'ora. Vijana wa Idara wakamchukua mzee, wakamfungua mnunuzi kutoka mlango wa gari. Shangazi alimwarifu Nungu sikioni, kwa sauti ile ile, kwamba nakala zote za tasnifu zitakusanywa leo na kufungiwa. Hakuna atakayeisoma. Nungu alisema ameelewa.

Mama mwenyekiti alitokea kwenye ngazi akihema, fomu na kalamu mkononi. Hakuwa ameelewa lolote zaidi ya kwamba kuna gari limegonga nguzo.

"Binti, jopo linakutafuta. Umefaulu, marekebisho madogo tu. Andika jina, weka sahihi hapa."

Nungu aliitazama fomu. Jina lililochapwa juu lilikuwa la bandia, la Idara. Mwenye jina hilo hakuwahi kuzaliwa, na jioni hiyo angefutwa.

Alimrudishia mama fomu na kalamu bila kusaini, akamshukuru kwa maswali mazuri ya asubuhi, akaweka tasnifu juu ya boneti la gari jeusi pamoja na vielelezo vingine vya kesi, flashi na bastola ya mnunuzi.

Kisha akatembea kuelekea getini, pekupeku, bila haraka.