Mapigo Manne Matupu

Alasiri moja kijijini Ole, Haroub alisikiliza rekodi kwenye simu yake, akagundua kwamba pale alipokuwa amenyamaza hapakuwa kimya.

Alikuwa akitunga solo ya gitaa kwa ajili ya harusi moja huko Gombani. Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza aliimba kwa mdomo, bila maneno, kisha akaitafuta sauti ile kwenye nyuzi. Alichukua kipande kifupi cha noti tano, akakirudia, akabadilisha mwisho wake, akakipandisha. Baina ya kipande na kipande aliacha mapigo manne matupu, kama mtu aliyeuliza swali akawa anangoja jibu. Solo isiyopumua, aliwaambia wenzake wa kikundi, ni kelele tu.

Ndani ya mapigo yale manne mtu alikuwa akiguna. Sauti ilikuwa ya chini, ya puani, na ilikifuata kipande chake noti kwa noti.

"Mwatum, uliingia humu ndani mchana?"

Mkewe alikuwa uani akigeuza karafuu kwenye jamvi. "Miye? Tangu adhuhuri niko juani na karafuu za mama yako. Weye ndiye uliye kivulini unakuna nyuzi."

Alicheka. Haroub hakucheka. Alirekodi tena, na safari hii jibu lilikuja refu zaidi, tena zuri, na uzuri huo ndio uliomponza. Badala ya kulifuta alilisikiliza mara tatu, akaliiga, akalitia kwenye solo yake, kisha akaacha mapigo mengine manne.

Siku ya tatu nyumba ilinuka udi uliolowa maji. Mwatum alikuna nazi huku akiguna kwa puani, na alipoulizwa anaimba nini, alisema haimbi kitu. Siku ya nne Haroub alipopiga kipande kile alisikia sufuria ikianguka jikoni, akakimbilia huko, akamkuta mkewe amepiga magoti sakafuni, shingo imepinda, macho yamegeuka meupe, anamalizia noti ambazo Haroub mwenyewe alikuwa bado hajazitunga.

Asubuhi aliletwa Bi Zulekha, mganga kutoka Mgogoni. Mwatum alikuwa amelala mkekani, hajala tangu jana. Bi Zulekha alisikiliza rekodi zote, kisha akaiweka simu chini kwa ncha za vidole.

"Sisi hutafuta wimbo wa jini wiki nzima," alisema kwa sauti ndogo. "Twajaribu huu, twajaribu ule, mpaka apande kichwani. Weye umeupata umekaa kitako."

"Sikujua, bibi."

"Mara ya kwanza hukujua."

Haroub aliinamisha kichwa. "Anataka nini?"

"Nafasi. Kila ukimwachia, anaingia ndani zaidi kwa mkeo. Sasa mpigie wimbo wake, halafu uushushe, uufunge. Ufunge vibaya, mwanangu, usitafute uzuri. Akiona hapana nafasi atatoka."

"Na nikimwachia tena?"

"Usimwachie."

Ubani ulifukizwa, mlango ukafungwa. Haroub alipiga kipande cha kwanza, na Mwatum akaketi taratibu bila kujisaidia kwa mikono. Akapiga cha pili, na ule mguno ukatoka kifuani mwake, ukutani, na ndani ya mbao za gitaa lenyewe, na harufu ya udi ikawa nzito hata koo likamwasha. Akaanza kushuka kama alivyoagizwa, noti baada ya noti, huku mkewe akitetemeka na jasho likimtoka na rangi ikimrudia midomoni, mpaka ikabaki noti moja tu, ya chini, mbaya, ya kufungia, na hapo hapo Haroub akausikia kichwani mwake ule mwisho alioutafuta wiki nzima akaukosa, ulioko juu kabisa ya shingo ya gitaa, na kabla hajajikataza kidole kikapanda.

Noti ilining'inia. Ilikuwa nzuri kupita zote alizowahi kupiga.

Mwatum aliacha kutetemeka. Alifumbua macho, akatabasamu.

"Hapo sasa," alisema kwa sauti ya mzee mwanamume. "Rudia."

Bi Zulekha aliinuka, akaanza kukusanya vitu vyake.

"Bibi, unakwenda wapi? Mtoe."

"Nimekuja kumtoa jini kwa mtu," alisema Bi Zulekha bila kutazama mkekani. "Mtu yuko wapi?"