Kivuli cha Nomagugu

Asubuhi hiyo mzee Ndabezinhle Sibanda alikunywa uji, akafungua kompyuta, akaanza kazi kama siku zote. Ndiye aliyekuwa mchoraji wa taa wa jumba letu la maonyesho hapa Bulawayo. Kabla taa hazijatundikwa, alizichora kwanza kwenye kompyuta, kila moja kwa umbo lake, zikining'inia kwenye mabomba juu ya jukwaa. Kisha aliiagiza mashine itoe picha, aone mwanga utaangukia wapi.

Kazi hiyo alifundishwa na bintiye, Nomagugu. "Baba, hicho kipanya mbona unakishika kama unakamua mbuzi?" binti alizoea kumtania. Baba alichora, binti akapanda kutundika. Majira ya baridi yaliyopita ngazi iliteleza, na Nomagugu hakuinuka tena. Tangu hapo mzee alichorea nyumbani. Jukwaani hakukanyaga.

Picha ikatoka. Sakafu, pazia, duara la mwanga. Na katikati ya duara, kivuli cha mtu.

Mzee hakuwa amechora mtu yeyote. Akaukagua mchoro wote. Jukwaa lilikuwa tupu. Akaagiza picha nyingine. Kivuli kilikuwepo, ila sasa kimeshika kiuno, bega la kushoto limeshuka kidogo.

Alilijua bega lile.

"MaMpofu," alimwita mkewe kwa sauti ya chini. "Hebu njoo."

MaMpofu akaja, mikono ina unga. Akatazama. Hakupiga yowe. Aliurudishia mlango taratibu, kana kwamba mle ndani mna mgonjwa aliyelala.

"Hatujaenda kuichukua roho yake pale alipoangukia, baba Nomagugu," alinong'ona. "Nimekuomba mara ngapi? Mtoto amechoka kusimama peke yake."

"Tukishamchukua, mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na mimi."

Mzee aligeukia kioo cha kompyuta. Mkewe alipotoka, alivuta kiti karibu zaidi. Kivuli hakina uso, na yeye alitaka uso. Akaongeza taa upande wa kulia. Kivuli kikafifia. Akaongeza nyingine mbele, nyingine nyuma. Miaka yote ya kazi alijua kwamba ukikizungushia kitu taa pande zote, kivuli chake hufa. Alijua. Mkono ukaendelea tu.

Picha ya mwisho ilitoka nyeupe. Jukwaa zima linang'aa. Hakuna kitu.

Akazifuta taa alizoongeza. Akaagiza upya. Sakafu tupu. Akaagiza tena. Sakafu tupu.

"Nilitaka kukuona tu, mwanangu," alisema. Kisha akalia, kilio ambacho msibani hakukitoa. MaMpofu akaja akaketi sakafuni kando yake, wala hakumwambia anyamaze.

Kesho yake mchana walikwenda wote wawili, mzee amebeba tawi la mkunazi mwitu, kama inavyotaka desturi ya kuirudisha roho ya marehemu nyumbani. Alipanda jukwaani. Akalilaza tawi pale pale.

"Nomagugu," aliita. "Ni baba. Twende nyumbani."

Akaliokota tawi, likawa zito mikononi kuliko alivyolileta. Wakatoka kwa mlango wa nyuma bila kusema na mtu, maana mwenye kubeba tawi hasemi na yeyote njiani ila na marehemu. Nyumbani wakaliweka chumbani kwa Nomagugu, juu ya kitanda. Usiku ule mzee alilala usingizi.

Lakini fundi mpya, Mthunzi, aliyepanda jioni hiyo kufunga taa, mpaka leo ana kovu kiganjani. Juu kabisa aliikuta taa ya mwisho aliyoitundika Nomagugu. Haijaguswa tangu siku ile, vumbi limeifunika, waya wake unaning'inia bila kuchomekwa popote. Alipoishika, ilimbabua.

Nayo ilikuwa imegeuzwa. Ilitazama mlango wa nyuma.