Jibu Lililokuwa Njiani

Siku ya mnada Bariadi hujaa vumbi, mbuzi na kelele. Kabula Mayige alikuwa akielekea kwenye meza za dagaa, gauni lake la kijani likiburuza vumbi pindoni, kipaza sauti kilipomkamata.

"Dada wa gauni la kijani! Usinikimbie, mimi si mbwa!"

Watu waliangua kicheko. Juu ya pikapu alisimama kijana mrefu, shati jeupe, mikono ameikunja, viatu vinang'aa kama vile vumbi lilikuwa likimwogopa. Aliinua taa ya sola.

"Sihitaji taa," Kabula alisema, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa shida.

"Mmemsikia? Anasema nyumbani kwao kuna giza! Mpisheni aje achukue."

Kabula alirudi nyumbani na taa. Dagaa hakununua.

Jumatatu alimkuta kijana yule ofisini kwake, akimchekesha meneja. Kampuni yao iliuza pampu za sola kwa wakulima, na mama Eufrasia, meneja, alimwona mnadani akamchukua siku hiyo hiyo. Jina lake Eliaichi, mtu wa Same.

"Kumbe ni wewe!" Eliaichi aliruka kutoka kitini. "Taa inawaka?"

"Inawaka."

"Niliwaambia itawaka!"

Kazi ya Kabula, aliyoisomea chuoni, ilikuwa kupima visima kabla pampu haijauzwa. Kazi ya Eliaichi ilikuwa kuuza. Eliaichi alimaliza kuuza wakati Kabula bado anafungua kamba ya kipimo. Vikaoni ilikuwa hivyo hivyo: Kabula akivuta pumzi aanze kusema, Eliaichi alikuwa ameshasema, na wote walikuwa wameshakubali.

"Watu wa kasi hivi hawafai kupewa maelezo marefu," mama Eufrasia alimfundisha. "Mpe neno moja, ulirudie. Ukikaa kimya, atakujazia yeye."

Kabula alichagua neno lake. Eliaichi alipotaka kuuza pampu ya sola kwenye kisima kisichopimwa, alimwambia, "Bado."

"Mteja yuko tayari, Kabula!"

"Kisima bado."

Eliaichi alimkazia macho, kisha akacheka mpaka akashika tumbo. Tangu siku hiyo alimwita Bado. Baadaye, Bado wangu.

Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Alimbebea vifaa vizito juani. Alimpigania ofisini mpaka akanunuliwa buti za kazi. Kabula, aliyezoea kupita mahali bila kuonekana, alianza kusuka nywele kila wiki na kupaka mafuta ya nazi miguuni. Jioni simu ililia.

"Umekula, Bado wangu?"

"Bado."

"Nilijua! Umenikumbuka?"

Kabula alitabasamu, akilitafuta neno lenye uzito wa kutosha.

"Umenikumbuka sana, nasikia mpaka huku. Lala salama, mpenzi."

Simu ikakatika. Kabula alibaki ameishika, na neno lake mdomoni.

Mwezi wa tisa, baba yake alimpigia kutoka kijijini Ngulyati, akamsalimu kwa Kisukuma na kumwita mama, kama kawaida yake.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba."

"Mwenzako wa kazini amekuja hapa."

"Kuangalia kisima?"

"Kukuoa."

Kabula aliketi polepole kitandani. Kwao mwoaji hasemi. Wazee wake ndio husema. Yeye huketi akitazama chini. Na kabla ng'ombe hawajatajwa, shangazi humwita binti ndani, akamwuliza: unamtaka? Nyumba nzima hungoja, hata kama binti atalia kwanza. Tangu utotoni Kabula aliliwazia swali hilo. Maishani mwake hapakuwa na swali jingine ambalo watu wazima wangenyamaza kungoja jibu lake.

"Nilimwambia alete wazee," mzee Mayige aliendelea kwa unyonge. "Akasema Same ni mbali. Nikataja ng'ombe, akawapunguza huku akinisifu. Mwishowe nikajikuta namshukuru. Nimekubali, mayu, wala sijui nimekubalije."

"Shangazi hajaniuliza, baba."

"Kijana amesema umeshakubali."

Kabla machozi ya Kabula hayajakauka, Eliaichi naye alipiga.

"Bado wangu! Nimefunga biashara! Mzee ameelewa, tarehe tunayo!"

"Nani alikwambia nimekubali?"

"Mpenzi, hukukataa!"

"Hukuniuliza, Eli."

"Basi nakuuliza sasa! Si ni kitu kile kile?"

Kabula alikata simu. Wiki zilizofuata alimjibu mambo ya visima tu. Eliaichi alimletea maua ya plastiki, akamletea chipsi kuku, akaleta utani. Vyote vililala mezani mpaka vikapoa. Mawingu yalikusanyika juu ya mashamba yaliyovunwa pamba, yakaondoka bila mvua.

"Umemshawishi baba," mama Eufrasia alimwambia Eliaichi. "Binti hujamwuliza."

Kisha ikaja barua ya uhamisho: Eliaichi akafungue tawi Mpanda. Jumapili alasiri, siku moja kabla ya safari, alikuja nyumbani alikopanga Kabula. Alikuwa amekonda. Viatu vilikuwa na vumbi. Kabula, kitenge kifuani, alikuwa akianika nguo uani.

"Nimekosa," Eliaichi alisema. "Niambie nifanye nini."

"Niulize. Halafu unyamaze. Usinisaidie kujibu."

Eliaichi alisogea mpaka kwenye kamba ya nguo.

"Kabula, utakubali nikuoe?"

Kabula alifumba macho. Hatimaye aliulizwa. Alimwona akibeba vifaa juani; akaona Mpanda asikokujua, na mama yake akimfungia mizigo; akaogopa, kisha woga ukaanza kutulia. Neno ndiyo lilikuwa likipanda kutoka mbali, taratibu, kama maji ya kisima kirefu.

Eliaichi aliona uso uliofumba macho. Alikijua kimya cha wateja: mteja akinyamaza hivi, anaondoka, na muuzaji hana budi kushusha bei.

"Au tungoje mwaka," alisema. "Au ubaki huku, mimi nitangulie."

Kabula aliinua mkono kumzuia. Eliaichi aliutazama, akaona anafukuzwa.

"Naona," alisema. "Usiseme, Kabula, utajiumiza. Nimeelewa. Safari hii sitakulazimisha."

Akageuka akatoka, akilia, akiamini kwamba mara hii alikuwa amemsikiliza.

Neno lilikuwa limefika ulimini. Geti lilikuwa karibu, angeita, Eliaichi angegeuka. Lakini Kabula aliiona miaka yote ya mbele, yeye akikimbia nyuma ya mtu ili amalize sentensi yake mwenyewe. Miguu ilikataa.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti ya kawaida. Uani palikuwa na nguo tu.

Alipoweza kushika simu, alimpigia baba yake.

"Baba, ng'ombe hawatakuja."

"Umemkataa, mayu?"

"Hapana, baba. Sikumkataa."

Mzee Mayige hakuelewa. Aliketi kwenye kigoda chake, simu sikioni, akamngoja binti yake aseme.