Pikipiki Nayo Hufundishwa Kazi

Kila alfajiri Hilaria alikamua ng'ombe wake watatu. Kwa miaka mingi alitembea kwa miguu kutoka Tlawi hadi mjini Mbulu kupeleka maziwa kituoni. Siku za jua kali maziwa yalichacha njiani, akarudishiwa. Iliuma sana.

Ndipo mumewe, Maximilian, akauza maksai wawili na kununua pikipiki mpya.

Maximilian alikuwa bingwa wa kufundisha maksai kulima. Hakuna dume aliyemshinda pale Tlawi. Lakini pikipiki haina pembe, kwa hiyo aliona haina la kufundishwa. Siku ya kwanza tu alipakia gunia la vitunguu saumu, akampakia na Hilaria, akapanda mlima akipiga resi.

"Polepole, Baba Hilda!" Hilaria alipiga kelele.

"Mashine mpya lazima ioneshwe kazi!" alijibu.

Wiki ya pili oili ilipungua. Kaka yake, Xavery, alikuwa na mashine ya kusaga. Maximilian akachukua oili ya mashine hiyo, akajaza kwenye pikipiki.

"Hii ni nzito," alisema. "Uji mwepesi haumshibishi mtu."

Baada ya siku tatu, wakiwa na madumu ya maziwa, injini ilinguruma sana lakini pikipiki haikupanda mlima. Harufu ya kuungua ikatoka. Wakaisukuma mpaka mjini. Maziwa yalifika yamechacha.

Hilaria aliogopa. Maksai wameshauzwa. Pikipiki ikifa, atarudi kutembea kwa miguu.

Walikwenda kwa Farida, dada mwenye duka la spea, ambaye pia ni fundi.

"Shikamooni," Farida aliwaamkia.

"Marahaba. Mwanangu, tuambie, imekufa?" aliuliza Hilaria.

Farida alifungua nati ya chini, akakinga oili kwenye beseni. Akaisogeza juani. Oili ilikuwa inametameta.

"Huu ni unga wa chuma," alisema. "Vyuma vya injini mpya vinasuguana mpaka vikae sawa. Ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema. Kitabu cha pikipiki yako kinasema ibadilishwe kilomita ngapi, mzee?"

"Kitabu kipo kabatini, kwenye nailoni yake," alisema Maximilian kwa fahari. "Nimekitunza. Hakuna aliyekigusa."

"Kweli," alisema Hilaria. "Hata panya hajakisoma."

Farida alicheka. "Kwa pikipiki ya aina hii ni kilomita mia tano. Mita yako inasoma mia sita. Hujachelewa sana. Lakini oili hii uliyoongeza ni ya nini?"

"Ya mashine ya kusaga. Ni nzito."

"Mashine ya kusaga haina klachi ndani ya oili, mzee. Pikipiki yako inayo. Ukiipa oili isiyo yake, klachi inateleza. Injini inalia, tairi halina nguvu."

Akachukua dumu jipya dukani. "Tazama hapa. Namba hizi ni za uzito wa oili. Lazima zifanane na za kwenye kitabu. Halafu tafuta herufi hizi, MA. Maana yake oili hii inafaa klachi ya pikipiki."

Maximilian alisoma herufi hizo kwa sauti, mara mbili.

"Sasa nikuulize," alisema Farida. "Maksai mpya unamfungia jembe siku ya kwanza?"

"Haiwezekani!" Maximilian alikuja juu. "Kwanza anavaa nira tupu. Halafu anavuta gogo dogo, anapumzika. Ukimpa jembe siku ya kwanza unamvunja..."

Akamtazama mkewe, kisha pikipiki. Aibu ilimshika.

"Mimi, Maximilian!" alisema. "Mimi mwenyewe!"

"Basi ifundishe hivyohivyo," alisema Farida. "Mpaka mita isome elfu moja, beba mzigo mwepesi. Usipige resi. Usiende mwendo mmoja safari nzima, ubadilishebadilishe. Asubuhi iwashe, isubiri dakika moja ndipo uondoke. Mlimani tumia gia ndogo. Ikipata joto sana, ipumzishe."

Hilaria aliuliza tena, "Itapona?"

"Itapona, mama. Pleti za klachi zimeungua, nitaweka mpya. Injini mmeiwahi."

Oili chafu Farida aliitia kwenye dumu, akaifunga. Hakuimwaga chini, maana inaharibu maji ya watu na ya mifugo.

Tangu siku hiyo kitabu kilitoka kabatini. Maximilian alitii kila neno mpaka mita ikapita elfu moja. Sasa pikipiki inapanda mlima na madumu yote, na maziwa ya Hilaria hayajarudishwa tena.

Juzi Xavery naye alinunua pikipiki. Alipita mbele ya nyumba yao na magunia mawili ya vitunguu saumu, akipiga resi. Maximilian alikimbia akasimama katikati ya barabara, mikono juu.

"Shusha!" alipaza sauti. "Shusha yote! Nira tupu kwanza!"