Gari Lililopewa Maji Yasiyoonjwa

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa Burundi tulipompakia mwanangu Verediana kwenye lori la kijiji. Ulikuwa mwaka ule tuliokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa huku Kibondo, tukapewa zahanati isiyo na dawa na lori moja kuukuu la pua ndefu. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hashuki. Mganga wa zahanati alisema huyu akapasuliwe Kasulu, kisha akarudi kwenye chai yake.

Tulimweka kiti cha mbele, nami nikakaa ubavuni kwake. Dereva alikuwa Abbasi, mtu wa Tanga, mwenye maneno mengi kuliko gia. Lori lile lilichemka kila mlima. Kwa hiyo alikuwa amechukua tindo akatoboa matundu kwenye boneti, karibu kabisa na kioo, ati joto la injini lipate pa kutokea. Lilitoka kweli, likatuingilia sisi ndani. Nilimwambia ametengeneza jiko, si gari. Akanijibu kwamba kama naijua injini, nishike mimi usukani.

Mlima wa kuelekea Heru Juu ukatushinda. Mshale wa joto uliruka kwenye nyekundu, na mvuke ukaanza kupiga mluzi kwenye matundu yale. Abbasi akasimamisha gari, akaliwekea jiwe kwenye gurudumu, akafungua boneti kwa kitambaa. Kisha akaenda nyuma kuchukua dumu la maji.

Dumu lilikuwa limepasuka. Tupu.

Kagiza kalikuwa kanaingia. Verediana alikuwa anauma ukingo wa kanga asipige kelele.

Ndipo mwanamke akatoka kwenye majani.

Alikuwa na mtungi kichwani, bila kata ya kuukalishia. Hakupiga makofi ya salamu kama tunavyopigiana sisi Waha. Aliutua mtungi, akaufikisha karibu na midomo yake, akangoja.

Hapa nieleze. Kwetu anayekupa kinywaji huonja yeye kwanza, ili ujue hakukutilia kitu. Mimi hata pombe ya dada yangu wa tumbo moja siigusi mpaka nimwone amemeza. Lakini maji ya kumwaga kwenye chuma? Nani amwambie mtu aonje maji ya gari? Sikumwambia aonje. Abbasi naye hakumwambia, hiyo desturi hata hakuijua.

Mwanamke alingoja… akatutazama mmoja mmoja. Kisha akaushusha mtungi.

"Nani anakunywa?" akauliza, kwa sauti ya chini sana.

"Gari, mama," Abbasi akasema.

"Na ndani yumo nani?"

"Mgonjwa. Mjamzito."

"Basi watakunywa wote."

Abbasi akamimina. Maji yakiingia kwenye rejeta ya moto hulia, kila mtu anajua. Haya hayakulia. Yaliingia kimya, na harufu ikapanda, harufu ya moto wa kuni uliomwagiwa maji. Mtungi ulikuwa mdogo, lakini uliijaza rejeta mpaka juu. Nilipogeuka kumshukuru yule mama, palikuwa na majani tu, yamesimama wima, hata jani moja halijalala.

Tukapanda mlima. Mshale ukashuka, ukashuka, ukalala chini kabisa. Upepo uliotoka kwenye matundu ukawa wa baridi. Abbasi akaanza kuimba.

Kisha nikahisi joto kwenye bega langu.

Lilitoka kwa Verediana. Alikuwa anaungua. Pumzi yake ilinichoma shingo, na kila Abbasi alipokanyaga mafuta, mwanangu alijinyonganyonga kitini.

"Mama," alininong'oneza, "mwambie azime."

Abbasi alizima. Mwili ukapoa, pumzi ikatulia. Akawasha kujaribu. Moto ukarudi palepale.

Hakuimba tena. Alizima, akashuka, akaingia chini ya rejeta akafungua koki, amwage yale maji ya yule mwanamke. Nikamsikia akigongagonga bomba.

"Kavu," akasema. "Mama Verediana, humu hamna kitu."

Akagusa injini kwa kiganja kitupu. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Sikulia. Nilipiga hesabu. Kumbeba kwa machela hadi Kasulu, angefia njiani na mtoto tumboni. Kwa gari, pengine angefika. Nilimshika mwanangu mkono, nao ulikuwa bado umepoa, mzuri, wa kawaida.

"Washa," nikamwambia Abbasi.

Sitasimulia njia ile. Alifika Kasulu hai, hilo tu. Manesi walipomwingiza hospitalini, Abbasi alizima gari mbele ya mlango.

Halikuzimika.

Alichomoa ufunguo, akanionyesha mkononi. Injini iliendelea kunguruma polepole, kama mtu anayepumua. Tukasimama pale kibarazani tukiisikiliza. Mtoto akalia ndani. Injini ikakohoa… ikavuta… ikanyamaza.

Nesi alipotoka kunipa habari, nilikuwa nimeshajifunga kanga ya msiba.

Daktari alisema ni homa ya uzazi. Fundi mmoja wa Kigoma alisema yale matundu yamechongwa mahali pabaya, yanaingiza moshi kwa abiria, na kwamba injini za dizeli huweza kuendelea bila ufunguo. Nilimuuliza zinaweza kuendelea bila maji pia? Akaanza kukusanya spana zake. Abbasi aliomba uhamisho. Mtoto ninaye, ni wa kike, mzima.

Lori nalo lipo. Limepata dereva mwingine, Makarius, analisifu sana. Halichemki tena mlima wowote. Wagonjwa huwekwa mbele kwa heshima, na wengi hawarudi, lakini watu husema si walikwenda wakiwa wagonjwa? Nimewaambia. Wananisikiliza mpaka mwisho, kisha wananiuliza, basi tuwapeleke na nini?

Gari ni hilo moja.

Wiki iliyopita zamu ilikuwa ya jirani yangu, Epifania, mguu umevimba tu. Alikwenda mwenyewe hadi garini, anacheka. Mkono wake haukufika kwenye kitasa, akaniomba nimfungie mlango.

Nikaufunga.